VITA VYA MBIO: RUGARUGA WA MIRAMBO NA WAPANDA FARASI WA ULAYA

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa alisome tena polepole baada ya kipindi. Maneno magumu na maswali yako mwisho.

Leo nawasalimu hasa wanafunzi wa Magamba na wa vijiji vyote vya Mpanda, kwa kuwa habari nitakayoieleza ilitokea jirani nanyi. Shikeni penseli zenu, lakini msiandike kwanza. Sikilizeni.

Katika somo hili tutajibu swali moja. Je, jeshi dogo lisilo na silaha nyingi huwezaje kulishinda jeshi kubwa lenye silaha nzuri? Jibu ni fupi: kwa mbio. Lakini jibu fupi halitoshi. Tutatazama mbio hizo zilitoka wapi, zilifanya kazi gani, na nani aliyelipa gharama yake.

Tuanze Ulaya, kisha turudi nyumbani.

Zamani sana watu wa Ulaya walipigana zaidi kwa miguu, wakiwa na ngao, mikuki na panga. Kisha kutoka mashariki, kwenye mbuga kubwa za majani, wakaja watu waliolelewa juu ya farasi. Waliotangulia kuogopwa ni Wahuni, ambao mfalme wao Attila alikufa mwaka wa 453. Baada yao, mwaka wa 568, Waavari wakaingia katika nchi ambayo leo inaitwa Hungaria. Hao ndio walioleta Ulaya kikuku cha chuma. Kikuku ni pete ya kuwekea mguu mtu apandapo farasi. Ni kitu kidogo, lakini mpandaji mwenye vikuku hukaa imara. Huweza kugeuka na kupiga mshale au mkuki bila kuanguka.

Karibu na mwaka wa 895 wakaja Wahungari. Hawa hawakuvaa chuma kizito. Kila mtu alikuwa na upinde mfupi wenye nguvu, na farasi wa akiba, ili mmoja akichoka apande mwingine. Walikuja ghafula, wakapiga mishale kwa mbali, kisha wakajifanya wanakimbia. Maadui wao walipowafuata na kutawanyika, Wahungari waligeuka na kuwazunguka. Kwa muda wa miaka sitini hivi walishambulia Ujerumani, Italia na Ufaransa. Walichukua mali, wakachukua na watu.

Wajerumani walijifunzaje? Mfalme wao Henry wa Kwanza alifanya mapatano nao mwaka wa 926, akakubali kuwalipa kodi ili apate amani ya miaka tisa. Katika miaka hiyo hakulala. Alijenga ngome, akawafundisha watu wake kupigana juu ya farasi. Mwaka wa 933, alipokwisha kukataa kulipa, akawashinda. Mwanawe Otto akawashinda tena mwaka wa 955 karibu na mji wa Augsburg.

Katika vita vile vya 955 lilitokea jambo moja ambalo nataka mlishike, maana tutalikuta tena karibu na Tabora. Kikosi kimoja cha Wahungari kilizunguka nyuma ya jeshi la Otto kikateka mizigo yake. Kilifanya vizuri mpaka hapo. Lakini wengine wakashuka juu ya farasi wao wakaanza kupora. Wajerumani wakarudi upesi wakawakuta wameshughulika na mali, wakawapiga. Wepesi wao ndio uliokuwa ngao yao. Mara walipokamata mizigo, ngao ile wakaitupa.

Sasa turudi kwetu.

Mtu wa Mpanda ataniuliza, "Mwalimu, mbona sisi hatukuwa na jeshi la farasi?" Jibu lake ninyi mnalijua kuliko mimi, maana linaruka na kuuma katika miombo yenu. Ni mbung'o. Mbung'o huchukua vijidudu katika damu ya wanyama wa porini, akavitia katika damu ya farasi na ng'ombe, nao hukonda na kufa kwa nagana. Mwanadamu naye hupata malale. Katika nchi yenye mbung'o wengi, farasi hakai. Bwana Stanley, mwandishi wa magazeti aliyekuja kumtafuta Dakta Livingstone, aliondoka pwani mwaka wa 1871 akiwa na farasi wawili. Wote wawili walikufa kabla hajafika mbali.

Basi katika nchi yetu mbio za vita zilikuwa mbio za miguu ya watu. Nchi hii ilikuwa na miguu myepesi sana. Wanyamwezi na jirani zao walikwenda pwani na kurudi, mamia ya maili, wakiwa na pembe za ndovu mabegani. Kijana aliyekwisha kuchukua mzigo hadi Bagamoyo hakuogopa safari. Alizijua njia, alivijua visima, na alijua kulala porini.

Jambo la pili lilitoka kusini. Wangoni waliondoka kusini mwa Afrika wakikimbia vita vya Wazulu. Wakiongozwa na Zwangendaba walivuka mto Zambezi mwaka wa 1835, wakafika Ufipa, jirani zenu wa kusini. Zwangendaba alikufa huko katika miaka ya 1840, na watu wake wakagawanyika. Kundi moja lililoitwa Watuta lilikwenda kaskazini hadi upande wa Ujiji na Unyamwezi. Watuta walipigana kwa vikosi vya vijana wa rika moja, kwa mikuki mifupi na ngao. Tena walikuwa na desturi ya kuwachukua vijana waliowateka na kuwafanya askari wao. Jeshi lao likitembea, liliongezeka.

Jambo la tatu lilitoka pwani. Misafara ya biashara ilileta bunduki za gobori na baruti, ili kununua pembe na watumwa.

Wepesi wa wapagazi, mpango wa vita wa Wangoni, na bunduki za pwani: mambo hayo matatu yalikutana mikononi mwa mtu mmoja. Jina lake ni Mirambo.

Mirambo alizaliwa karibu na mwaka wa 1840. Alikuwa mtemi wa Uyowa, nchi ndogo magharibi ya Tabora. Mkipanda treni Mpanda kwenda Tabora, mkifika Kaliua mnaingia katika reli kuu, na baada ya hapo mnapita Urambo. Jina la Urambo linatokana na yeye. Aliwajua Watuta, akajifunza mpango wao wa vita, na baadaye wakapigana upande wake. Angalieni jambo hilo. Henry wa Ujerumani alijifunza kwa adui zake, na Mirambo alijifunza kwa wageni waliotisha nchi yake. Mtu mwenye akili haoni haya kujifunza kwa yule anayemwogopa.

Askari wake waliitwa rugaruga. Walikuwa vijana, wengi wao hawajaoa. Wengine walikuwa yatima wa vita, wengine mateka, wengine watumwa waliotoroka, wengine wapagazi walioacha misafara. Hawakuwa na shamba wala ukoo wa kuwaita nyumbani wakati wa kupanda mahindi. Walivaa nguo nyekundu na manyoya kichwani, na mapambo ya kutisha, hata meno ya watu waliowaua, ili adui aogope kabla hajapigwa.

Stanley alipokutana na Mirambo mwaka wa 1876 wakachanjiana udugu. Akaandika kwamba Mirambo alimweleza kuwa vitani hupenda kwenda na vijana, maana macho yao ni makali na viungo vyao ni vyepesi. Watu wazima wenye wake na watoto aliwaacha kulinda maboma. Stanley alimfananisha na Napoleon Bonaparte, yule jemadari mashuhuri wa Ufaransa.

Desturi yao ya vita ilikuwa hivi. Walikwenda upesi, bila mizigo mingi, wakala chakula walichokikuta. Walipenda kufika kijijini alfajiri, watu wangali wamelala. Walipiga bunduki kwa karibu, kisha wakaingia kwa mikuki. Habari za kijiji kimoja hazijaenea, wao wamekwisha kufika kwingine ambako hawakutazamiwa. Vitu vilivyotekwa viligawanywa: pembe za ndovu zilikuwa za mtemi, na nguo na vitu vingine vilikuwa vya askari. Hivyo kila kijana alijua kwamba akikimbia mbele atapata fungu lake.

Sasa sikilizeni vita vya Agosti 1871.

Mirambo alikuwa ameizuia njia ya kwenda Ujiji. Msafara mmoja wa Waarabu ulipofika kwake alidai hongo: mizigo 5 ya nguo, bunduki 5 na mapipa 5 ya baruti. Wakalipa. Alipokwisha kupokea aliwaambia warudi walikotoka. Waarabu wa Tabora wakakasirika. Walikusanya jeshi la watu zaidi ya 2,000, na Stanley akaingia pamoja na askari wake, kwa kuwa naye alitaka njia ifunguke.

Kwanza mambo yalikuwa mepesi kwao. Waliliteka boma la Zimbizo. Kisha kijana mmoja wa Kiarabu, Soud, mwana wa Said bin Majid, akachukua watu 500 akaenda kuushambulia mji wa Wilyankuru, ambamo Mirambo mwenyewe alikuwamo. Akauteka. Watu wake wakakuta pembe zaidi ya 100, mizigo ya nguo, na watu wengi wa kufanywa watumwa. Wakajitwisha, wakashika njia ya kurudi wakiwa na furaha.

Mirambo hakukaa kupigania ukuta. Alitoka na watu wake, akazunguka upesi kwa njia nyingine, akawaficha katika majani marefu, huku na huku ya njia. Soud na watu wake wakapita katikati. Mtu mwenye pembe begani hawezi kuinua bunduki upesi. Rugaruga wakawaangukia pande zote mbili. Soud aliuawa, na Waarabu wote waliokuwa naye wakauawa. Habari ilipofika Zimbizo, jeshi lililobaki likashikwa na hofu likakimbia ovyo. Hata wagonjwa wengine waliachwa nyuma.

Mnakumbuka Augsburg? Kule, wapesi waliponaswa na mizigo walishindwa. Huku, wepesi walingoja mpaka adui aelemewe na mizigo, kisha wakampiga. Pembe zile 100 ndizo zilizowaua watu wa Soud, kama vile mali ya Otto ilivyowaua Wahungari.

Tarehe 22 Agosti 1871 Mirambo akaja Tabora yenyewe, na Watuta wakiwa pamoja naye. Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, alitoka kumkabili na watu themanini hivi. Wengi wa watu wake walimkimbia, naye akauawa. Sehemu ya mji ikachomwa moto.

Stanley akaona kwamba njia ya kaskazini imefungwa. Akageuka kusini, akapita Ukonongo, katika misitu ya upande wenu, akifuata njia ndefu ya kuzunguka. Huko nako alikuta habari za vita. Mwezi wa Novemba 1871 akafika Ujiji akamkuta Livingstone. Ndiyo maana safari ile maarufu iliyoandikwa katika vitabu vya dunia nzima ilipita katika misitu ya Wakonongo: mtemi mmoja wa Unyamwezi alikuwa ameifunga njia kuu.

Wasikilizaji, mpaka hapa nimeeleza kama mtu anayeshangilia ngoma. Sasa tuitazame gharama.

Jeshi linalokula chakula linachokikuta, linakula chakula cha nani? Chakula cha mama aliyelima. Wale watu wengi waliotekwa Wilyankuru hawakuwa askari. Na rugaruga nao waliteka watu namna hiyohiyo. Kijiji kilichochomwa alfajiri kilipoteza nyumba, mbegu na watoto wake pamoja. Waliosalia wakafanya kama Wajerumani wa Mfalme Henry: walikusanyika katika maboma. Walichimba mitaro, wakasimamisha miti mikubwa, wakapanda minyaa kuzunguka. Ndani ya boma mtu alikuwa salama zaidi, lakini shamba la mbali liliachwa. Shamba likiachwa, vichaka hurudi. Vichaka vikirudi, wanyama wa porini hurudi, na mbung'o huwafuata. Msiufikiri msitu kuwa siku zote ulikuwa msitu mtupu. Mahali pengine chini ya miti ni mahame ya watu.

Miaka mingi baadaye, malale yalipozidi katika nchi za magharibi, serikali ya Waingereza iliwahamisha watu na kuwakusanya pamoja ili waukate msitu na kumfukuza mbung'o. Haikuwa kazi ya vita vya Mirambo peke yake. Magonjwa ya mifugo, njaa na vita vya baadaye vilizidisha taabu. Lakini nchi iliyokwisha kupunguza watu wake haina mikono ya kutosha kushindana na msitu.

Tena, jeshi linaloishi kwa mateka halina budi kutafuta mateka mapya. Mirambo alitaka zaidi ya kupora. Alitaka kutawala njia za biashara, na baadaye alifanya amani na Waarabu akakaribisha wageni katika nchi yake. Lakini nguvu zake zilikaa katika mwili wake mwenyewe. Alikufa tarehe 2 Desemba 1884, na dola lake likaanza kuvunjika baada ya muda mfupi. Watemi waliomtii kwa hofu hawakuwa na sababu ya kumtii mrithi wake.

Mfananishe na jirani yake, Nyungu ya Mawe, mtu mwenye jicho moja aliyetawala Ukimbu, mashariki yenu. Naye alikuwa na rugaruga wakali, naye pia alikufa mwaka uleule wa 1884. Lakini Nyungu alikuwa ameigawanya nchi aliyoishinda na kuweka wasimamizi wake, walioitwa watwale, wakae na watu na kukusanya pembe. Alipokufa, mwanamke aitwaye Mgalula alishika utawala, na nchi haikuvunjika mara moja. Mbio huiteka nchi, lakini mbio haziitunzi. Wahungari nao waliliona hilo. Baada ya kushindwa mwaka wa 955 waliacha kushambulia nchi za magharibi, wakalima, wakajenga, wakawa taifa linaloishi hata leo.

Na rugaruga je? Wajerumani walipokuja waliwaandika vijana wa namna hiyo kama askari wa msaada katika vita vyao, hata katika vita vikubwa vya 1914 hadi 1918. Jina lililomtisha Mwarabu wa Tabora likawa jina la kibarua wa vita vya wengine. Kijana aliyefundishwa kukimbia na kupiga tu, asiyefundishwa kazi nyingine, atamfuata yeyote anayemlipa.

Basi, Mirambo tumwite shujaa au mporaji? Wengi humsifu kwa sababu alikataa nchi yake ifanywe mali ya wafanya biashara, na sifa hiyo ni yake kweli. Lakini mama wa kijiji kilichochomwa naye ana neno lake, ingawa hakuna aliyeliandika. Mtu aliyejifunza kusoma hachagui neno moja na kulifunika la pili. Huyapima yote mawili.

Wazee waliopo darasani, mna kazi leo. Yapo majina ya mahali, minyaa iliyosimama porini bila nyumba, na vipande vya vyungu shambani. Waelezeni wenzenu mlivyosikia kwa babu zenu, na anayejua kuandika aandike. Karatasi moja iliyoandikwa Magamba itadumu kuliko maneno yangu haya yanayopita hewani.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kikuku: pete ya chuma ya kuwekea mguu mtu apandapo farasi.
Gobori: bunduki ya zamani inayoshindiliwa baruti mdomoni.
Hongo: kodi aliyotozwa msafiri ili apite katika nchi ya mtemi.
Boma: kijiji au ngome iliyozungushiwa ukuta wa miti.
Mahame: mahali palipokaliwa na watu zamani, sasa pameachwa.
Mateka: mtu au mali iliyochukuliwa vitani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini farasi hawakutumika vitani katika nchi yetu? Ni nini kilichochukua nafasi yao?
2. Mambo gani matatu yalikutana katika jeshi la Mirambo? Kila moja lilitoka wapi?
3. Mizigo iliwadhuruje Wahungari mwaka wa 955, na watu wa Soud mwaka wa 1871?
4. Vita vilileta vichaka na mbung'o kwa njia gani? Elezeni hatua kwa hatua.
5. Kwa nini utawala wa Nyungu ulidumu zaidi kuliko ule wa Mirambo baada ya wenyewe kufa?
6. Wagawanyike wanafunzi makundi mawili. Kundi la kwanza limtetee Mirambo. Kundi la pili liwatetee watu wa vijiji vilivyotekwa. Kisha makundi yabadilishane upande.